Hakunifundisha, Aliniuliza

Jumatatu, 3 Juni 1957

Nimeteuliwa! Mwalimu Aminieli alisimama mbele ya darasa la nane leo asubuhi, mikono ndani ya koti kwa baridi, akatangaza kwamba Bwana Daktari wa Meno atafika zahanati ya misheni Ijumaa ya wiki ijayo. Anataka wanafunzi wa kumsaidia kukagua vinywa na kukwangua ukoga. Kutakuwa na vikundi viwili, kila kimoja kina wanafunzi wawili na kiongozi wa kuwafundisha. Kiongozi atakayefundisha vizuri kuliko mwenzake ataandikiwa barua ya kwenda Dar es Salaam kusomea kazi ya usaidizi wa meno. Nafasi ni moja tu.

Viongozi ni mimi na Anande.

Anande! Msichana anayecheka kinywa wazi mbele ya watu, na meno yake ni ya kahawia kama yetu sote tuliozaliwa huku mlimani. Mimi sijacheka kinywa wazi tangu darasa la nne. Nikisema na mtu, kiganja huwa mbele ya mdomo. Watu wazima husifu adabu yangu. Si adabu. Ni meno.

Dar es Salaam lazima wana dawa ya meno kama yangu. Kwa hiyo barua ni yangu.

Nimepewa Hanna na Saruni. Hanna ana mkono mtulivu wa kushona na mdomo usiotulia. Saruni ni Mwarusha wa Olmotonyi, hana meno mawili ya mbele chini, na hana haraka na jambo lolote.

Mwalimu ametugawia kijitabu kilichotoka Ulaya, kimetafsiriwa: kufundisha usafi wa kinywa kwa njia ya maswali. Kanuni ya kwanza: Usimwambie mwanafunzi; muulize. Nimekisoma mara tatu kabla ya chakula. Anande alitazama picha, akakitupia kikapuni juu ya ndizi. Maskini.

Jumanne, 4 Juni

Somo la kwanza. Vifaa: taya la mbuzi kutoka buchani, waya wa mwavuli niliokunja ncha uwe kikwangulio, kipande cha kioo kilichofungwa kwenye mpini wa kijiko. Nilijivunia sana kijiko.

Kijitabu, ukurasa wa nne: anayekwangua ashike chombo kama kalamu, na kidole cha pete kiegemee jino la jirani ili mkono usiteleze. Sentensi moja. Ningeweza kuisema. Lakini kanuni ni kanuni.

Nikamuuliza Hanna: kidole cha pete kina kazi gani? Akasema kinavishwa pete. Sifuri. Nikamuuliza Saruni. Akasema yeye si msichana, maswali ya pete aulizwe Hanna. Sifuri.

Kanuni ya tatu: ukishauliza, nyamaza, hesabu moyoni mpaka kumi, mwanafunzi apate kufikiri. Nilihesabu kumi. Ishirini. Nilipofika arobaini Saruni alikuwa amelala, shavu mezani, karibu na taya la mbuzi. Walifanana.

Kanuni ya tano: mwanafunzi akikuuliza, mrudishie swali. Hanna akauliza ashike waya hivi au hivi. Nikasema: wewe unaonaje? Akasema anaona sijui.

Ng'ambo ya uwanja Anande alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwa sauti ya kuita kuku: "Kidole hiki hapa, juu ya jino! Ukiteleza utamtoboa mtu!" Basi. Muda wa kunywa kikombe cha maji. Halafu wakafanya, wakarudia, wakarudia tena mpaka kengele ikalia. Hajui kabisa kufundisha.

Jumatano, 5 Juni

Siku mbaya.

Nyuma ya kijitabu kuna maswali na majibu yake. Swali la saba: Kwa nini meno huwa ya kahawia? Jibu: Kwa uchafu. Nikaona nijizoeze nyumbani, nianze na Bibi.

Nilimkuta jikoni akimenya ndizi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kama sijambo. Kanuni ya tano ikanijia bila kuiita. Nikasema: Bibi, wewe unaonaje?

Aliweka kisu chini.

Ningeacha hapo. Sikuacha. Nikamsomea swali la saba. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mvua inatoka wapi. Akasema ni maji. Kila mtu anajua ni maji. Mama yako alipoletwa hapa kuolewa, alitoka Machame na meno meupe, na mpaka leo ni meupe. Ninyi mliozaliwa mkanyonya na kunywa kijito hiki, ndiyo hayo. Ng'ombe wenyewe wana meno ya kahawia, akasema, kawaulize na wao.

Nikafungua nyuma ya kijitabu kuhakikisha. Uchafu. Nikampa Bibi sifuri.

Kosa langu lilikuwa kumwambia.

Baba akaitwa kutoka kwenye mibuni. Akasema katika nyumba hii mtoto huulizwa, haulizi. Akasema pia anajua watu wa aina mbili wanaouliza maswali mengi: karani wa sensa na mposaji, na mimi sina kofia wala sina ng'ombe, basi nikakate majani. Nimekata majani mpaka mikono inatetemeka. Mwandiko huu ni ushahidi.

Mama alikuwa mlangoni. Alitabasamu tu. Meno meupe, meupe. Mtu msafi sana, Mama.

Ijumaa, 7 Juni

Leo tumeacha mbuzi, tumeanza binadamu. Hanna mkaguzi, Saruni mgonjwa.

Hanna akahesabu meno. Akaripoti kwamba mawili ya chini hayapo. Nikaona nafasi nzuri! Nikamuuliza Saruni: unadhani meno yako mawili yamekwenda wapi? Akasema hadhani, anajua. Yaling'olewa alipokuwa mdogo, kama ya baba yake na ya babu yake, ili siku mtu akipatwa na pepopunda, taya likikaza, apitishiwe maziwa hapo. Akauliza kama na kwetu hatufanyi hivyo, na tukikaza taya tunafanyaje.

Kijitabu, swali la kumi na moja: Kwa nini mtu hupoteza meno ya mbele? Jibu: Kwa kutopiga mswaki. Sifuri.

Saruni akasema sifuri zake sasa ni nyingi kuliko meno yake. Hanna akacheka mpaka kioo kikaanguka.

Kisha kukwangua. Hanna akanisihi: Elieza, nieleze tu mkono uegemee wapi, usije ukateleza. Nikamuuliza: mkono wenyewe unataka kuegemea wapi? Hanna akasema mkono wenyewe unataka kunizaba kibao. Akaanza bila kuegemea popote. Waya ukateleza, ukaingia kwenye ufizi. Saruni alipiga kelele moja kwa Kiswahili, nyingine kwa Kimaasai. Damu kidogo tu. Mimi nilisimama nikihesabu mpaka kumi ili Hanna apate kufikiri. Anande alikuja mbio na maji ya chumvi.

Alimsukutuisha Saruni, kisha akamwambia Hanna kitu sikioni. Nikamkataza. Nikasema asimharibie mwanafunzi wangu kwa majibu. Anande akainua mabega, akaondoka. Hanna akasema hata hivyo hakusikia, Saruni alikuwa akilia.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefikiri sana. Tatizo si njia yangu. Tatizo ni meno. Bwana Daktari atatazama kwanza vinywa vya wasaidizi, na atakuta kahawia. Uchafu!

Asubuhi nilijisugua kwa jivu. Hakuna badiliko. Nikajisugua kwa mchanga wa kijito. Damu, lakini kahawia palepale. Nikashuka kwa miguu hadi Usa River, dukani kwa Bwana Noordin.

Nikamuuliza: kwa maoni yako, Bwana Noordin, ni kitu gani hufanya kitu kiwe cheupe? Akaweka miwani juu ya paji la uso, akauliza mimi ni mnunuzi au mkaguzi. Nikamuuliza yeye anaonaje. Akasema anaona jua linakwenda, na nyuma yangu wamesimama akina mama watatu. Kitu cheupe gani, kijana? Shati? Shuka? Ukuta? Viatu?

Sikuweza kutaja meno mbele ya akina mama watatu. Nikasema viatu.

Akanipa kopo la chokaa ya viatu vya raba. Mimi sina viatu vya raba. Bwana Noordin aliitazama miguu yangu mitupu kwa muda mrefu, akafunga kopo kwenye gazeti. Mtu wa heshima sana.

Jumapili, 9 Juni. Pentekoste

Mchungaji alihubiri habari za ndimi za moto. Mimi nilitazama meno. Waimbaji arobaini, vinywa wazi, na nilihesabu watatu tu wenye meno meupe: Mama, mke wa mwalimu aliyetoka Pare, na mzee mmoja ambaye nilikumbuka baadaye ameletewa meno ya bandia.

Inasikitisha jinsi watu wetu walivyo wachafu. Na wote walikuwa wameoga!

Jumanne, 11 Juni

Nimegundua njama ya Anande. Haulizi maswali ya kijitabu hata moja. Anazunguka nyumba kwa nyumba na daftari, na kwa kila mtu ana maswali mawili, yaleyale: ulizaliwa wapi, na ulipokuwa mdogo mlichota maji wapi? Kisha anaomba kuona meno, anaandika, anaaga. Haulizi kwanza mpaka amalize salamu zote, na anamenya ndizi pamoja na bibi za watu anapouliza. Bibi yangu amemjibu kwa saa nzima! Amempa na maziwa mgando!

Maswali mawili tu. Na majibu yake hayajui! Kijitabu kinasema wazi mwalimu awe na jibu tayari kabla ya kuuliza. Nilimfuata nyuma ya migomba kushuhudia aibu hiyo, nikakanyaga jani kavu, akageuka.

Akaniuliza na mimi nilizaliwa wapi. Nikasema: wewe unaonaje? Akasema anaona nimezaliwa kwenye nyumba ile yenye bibi mkali. Akaandika. Halafu akaniuliza, bila daftari, kwa nini huwa nafunika mdomo.

Nikamuuliza yeye anaonaje.

Hakucheka. Alisema anaona nina meno kama yake.

Nilikaa kwenye migomba kitambo baada ya yeye kuondoka. Halafu nikakumbuka kwamba ni mshindani wangu, na kwamba hiyo ni mbinu.

Alhamisi, 13 Juni

Kesho! Kila kitu tayari.

Leo baada ya masomo nilimketisha Saruni nyuma ya stoo ya kuni, nikampaka chokaa ya viatu kwenye meno kwa unyoya wa kuku. Tabaka mbili. Ikakauka. Ajabu! Meupe kama ya Mama. Akauliza, bila kufunga midomo, kama haitamdhuru. Nikamuuliza yeye anaonaje. Akasema ina ladha ya ukuta wa kanisa. Sikuuliza anajuaje.

Asubuhi nitampaka tena, na mimi mwenyewe nitajipaka. Hanna amekataa. Amesema akitaka kupakwa chokaa atasubiri awe nyumba.

Nimemwagiza Saruni asinywe, asile, asiteme mate, asipige chafya mpaka Bwana Daktari aondoke. Kuhusu kidole cha pete, Hanna bado hajagundua jibu. Siku kumi! Nimemuuliza mara kumi na tisa. Ninaamini kesho litamjia.

Ijumaa, 14 Juni

Ninaandika haya kwa sababu mtu mwadilifu huandika hata siku kama hii.

Bwana Daktari ni Mzungu mzee, mfupi, Kiswahili chake cha shambani lakini chepesi kueleweka. Zahanati ilijaa. Bibi yangu naye alikuja, gego linamsumbua. Mwalimu Aminieli alivaa tai. Mimi na Saruni tulisimama mstari wa mbele, vinywa wazi kidogo, tunameremeta. Kwa mara ya kwanza tangu darasa la nne nilitabasamu mbele ya watu. Niliona Anande akinitazama kwa mshangao. Dakika ile ilikuwa tamu. Naiandika kwa sababu haikudumu.

Neno la kwanza la Bwana Daktari lilikuwa kwamba kila msaidizi asukutue.

Mwalimu mwenyewe akatuletea vikombe. Hapakuwa na njia. Tukasukutua, tukatema kwenye beseni, na beseni likawa jeupe. Bwana Daktari akauliza kama vijana hawa wamekunywa uji. Saruni, msema kweli asiyeombwa, akajibu hapana, Bwana, ni dawa ya viatu. Zahanati nzima ikageuka kututazama. Kisha mama mmoja nyuma akauliza kama tulikula na viatu vyenyewe.

Mkono wangu ukarudi mdomoni. Kahawia ileile.

Halafu kazi. Kikundi cha Anande kilikwangua watoto wanne bila hata mmoja kulia. Zamu ya Hanna. Alipewa kikwangulio cha kweli, cha chuma, na mgonjwa wake akawa Bibi. Bwana Daktari aliinama kushika shavu la Bibi. Hanna akanitazama. Nikamnong'oneza: kidole cha pete kina kazi gani? Akafumba macho sekunde moja, akaanza, akateleza, akamchoma Bwana Daktari kwenye dole gumba.

Bwana Daktari akafuta damu kwa kitambaa. Akauliza kwa upole nani alimfundisha.

Hanna akanionyesha kwa ncha ya kikwangulio. Akasema: "Huyu. Lakini hakunifundisha, Bwana Daktari. Aliniuliza."

Bwana Daktari akachukua mkono wa Hanna, akakiweka kidole cha pete juu ya jino la jirani, akasema, "Hapa. Kiegemee hapa." Hanna akasema, "Aa! Ndiyo hivyo tu?" Akakwangua magego yote ya Bibi, juu na chini, safi kama anapiga pindo. Tangu mwanzo alikuwa na mkono huo! Sielewi kwa nini hakulitoa jibu mwenyewe.

Kisha ikawa zamu yangu. Bwana Daktari akaniuliza: meno ya watu wa hapa, kwa nini ni ya kahawia?

Jibu nilikuwa nalo, ukurasa wa mwisho. Lakini nilikuwa naulizwa swali, na kanuni ya tano haikusema "isipokuwa daktari." Nikaondoa kiganja. Nikasema: Bwana Daktari, wewe unaonaje?

Mwalimu Aminieli alishika tai yake kama inamkaba.

Bwana Daktari akanyamaza. Mimi nikanyamaza, nikahesabu. Niliona midomo yake ikitikisika. Alikuwa anahesabu na yeye! Amekisoma! Tukatazamana hivyo, watu wawili wanaojua kanuni ya tatu, na hakuna aliyekuwa tayari kushindwa, mpaka Bibi akainuka nusu kutoka kwenye kiti, pamba mdomoni, akapaza sauti:

"Ni maji! Mara ngapi nimwambie mtoto huyu? Ni maji!"

Bwana Daktari akageuka kwake akasema, "Kweli, Mama. Ni maji."

Anande akatoa daftari lake. Watu sitini na wawili, mahali walipozaliwa, kijito walichonywea, rangi ya meno. Bwana Daktari alilisoma akiwa ameketi kwenye kiti cha mgonjwa. Alisema kuna madini ndani ya maji ya mlima huu, yanalitia jino rangi likiwa bado halijaota, na hakuna mswaki duniani utakaoitoa. Na meno mengi aliyoyaona leo, alisema, ni magumu, hayajaoza. Akauliza kama anaweza kulinakili daftari.

Barua ni ya Anande.

Jumamosi, 15 Juni

Sikutoka nje. Bibi amepona gego, anatafuna mahindi ya kuchoma kwa sauti ambayo naamini ni ya makusudi.

Anande alikuja na ndizi mbivu. Alisema Hanna ameombwa awe anasaidia zahanati kila Jumamosi, na ameachiwa kioo cha kweli. Mwanafunzi wangu! Nilimwambia hayo ndiyo matunda ya njia ya maswali. Anande akamenya ndizi moja, akanipa. Kisha akasema jana zahanati, nilipoondoa kiganja mara ya pili, kabla Bibi hajapiga kelele, na chokaa imeshatoka, nilikuwa naonekana kama mtu. Akasema akienda Dar ataandika barua, na nijibu. Kujibu, akasisitiza. Si kuuliza.

Nilitaka kusema kitu. Nilimuuliza yeye anaonaje. Akaenda zake.

Jumatatu, 17 Juni

Mwalimu Aminieli alinitaka niandike kwa sentensi moja tu nilichojifunza. Nimeandika: "Je, Mwalimu, wewe unadhani nimejifunza nini?" Amenipa adhabu ya kuchota maji ya jikoni wiki nzima, kutoka kijito kilekile.

Si kitu. Ndoo zinaupa ubongo nafasi. Nimeona sasa kosa lilikuwa wapi. Maswali yalikuwa machache mno! Nimeanza kuandika kijitabu changu mwenyewe, maswali sitini, na majibu yote nimekwisha kuyaweka nyuma. Kuhusu meno: mchanga wa kijito ni mkali kupita kiasi. Ule wa Usa River ni laini zaidi. Mwezi mmoja, asubuhi na jioni, na rangi lazima itoke.

Nimemjaribu Saruni kwa swali la kwanza tukiwa njiani na ndoo. Kwa nini, nikamuuliza, chokaa haikushika meno yetu?

Amefikiri. Nimehesabu mpaka kumi. Amesema ni maji.

Nimempa sifuri.